Nusu ya Nyutroni

"Kumi na moja?"

"Sodiamu. Mbili, nane, moja."

"Kumi na saba?"

"Klorini. Mbili, nane, saba. Mama, jana nimekuambia mara tatu."

"Na leo utaniambia ya nne. Ishirini?"

"Kalsiamu. Mbili, nane, nane, mbili."

Mlinzi wa getini, aliyekuwa amekumbatia boksi la kukusanyia simu, alimtazama Bi Hajra kuanzia mtandio mpaka makubazi. "Mama, na wewe umo kwenye orodha ya watahiniwa?"

"Mimi nilishamaliza zamani," alijibu Bi Hajra, na hakuwa anatania sana.

Rukaya alicheka, akazima simu yake, akaitumbukiza kwenye boksi. Mkononi alibaki na kalamu mbili, rula, kifutio na kipande cha karatasi chenye namba yake ya mtihani. Ukungu wa Kisarawe ulikuwa bado umelala juu ya kilima, na nyuma yao foleni ilikuwa imeteremka hadi barabarani. Watahiniwa walizidi mia tatu. Nafasi zilikuwa arobaini. Mama na mwana walikuwa wametoka Kibaha tangu jana mchana, wakalala kwa wifi yake Bi Hajra, Mwanaamina, ili asubuhi pasiwe na kisingizio cha gari kuharibika.

"Nenda, mwanangu. Usiwe na papara. Ukikwama, hesabu maganda."

"Nitahesabu, Mama."

Geti la chuo cha uuguzi likafungwa.

Rukaya alikuwa na miaka ishirini na sita. Kwa miaka sita alikuwa mhudumu wa usafi kwenye zahanati moja ya Kibaha, karibu na Kwa Mathias. Alijua kupiga deki, kuchemsha vifaa, kumshika mkono mwanamke mwenye uchungu na kumwambia maneno ya kumtuliza hadi nesi afike. Sindano hakuruhusiwa kuigusa ila ikishatumika, akaitupe. Kidato cha nne kilimwangushia kemia, na bila kemia hakuna unesi. Chuo hiki kilikuwa kikiwafungulia watu kama yeye mlango wa pembeni, yaani mtihani wa mchujo, lakini tangazo la mwaka huu lilikuja na mstari mmoja chini kwa herufi nzito: huu ni mchujo wa mwisho. Kuanzia mwakani, asiye na cheti chenye kemia asijisumbue kupanda kilima. Tena kulikuwa na sharti jingine. Atakayepata chini ya nusu kwenye kemia hatatazamwa masomo mengine, hata kama kayameza yote.

Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kemia, na kemia ya Rukaya ilitoka kwa mama yake.

Bi Hajra alikuwa mhudumu wa maabara kwa miaka thelathini na moja, kwenye shule moja ya sekondari huko Kibaha, hadi alipostaafu mwaka juzi. Wanafunzi walimwita Mama Maabara, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Shule yake mwenyewe iliishia darasa la saba. Shule ya pili aliipata kupitia kidirisha, kile cha kupitishia vifaa kati ya stoo na chumba cha maabara, ambacho alikiacha wazi upana wa kiganja kila Mwalimu Lusajo alipofundisha kemia. Mikono inasugua mirija ya majaribio huku, sikio liko kule. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba kila kitu, hata meza, hata yeye mwenyewe, kimejengwa kwa atomu. Kwamba katikati ya atomu kuna kiini, na ndani ya kiini zimo protoni na nyutroni. Na nje elektroni zinazunguka kwenye maganda, la kwanza mbili, la pili nane. Alijua ukichukua uzito wa atomu ukatoa protoni zake, unabaki na nyutroni. Na kemia ya mikono aliijua kupita walimu wengi. Asidi humiminwa kwenye maji, maji hayamiminwi kwenye asidi. Potasiamu huwaka zambarau, shaba huwaka kijani. Kuna mwalimu mmoja mgeni, na shahada yake, ambaye leo ana macho mawili kwa sababu Bi Hajra aliwahi kumdaka mkono.

Lakini elimu ya kidirisha ilikuwa na ila moja, na ila hiyo ilitoka bombani. Maji ya Ruvu hupita Kibaha kwenda kuwanywesha watu wa Dar es Salaam, na shule ile ilikuwa ikionjeshwa tu. Mgao ulikuja saa nne asubuhi. Siku nyingine ulidumu nusu saa, siku nyingine robo. Maabara bila maji si maabara. Bomba la uani lilipoanza kukohoa, Bi Hajra alifunga kidirisha, akashika ndoo zake, akaenda kupanga foleni na watu wa jikoni. Sasa, Mwalimu Lusajo alipenda vipindi viwili mfululizo, na alivipata kuanzia saa tatu na dakika ishirini. Kipindi cha kwanza Bi Hajra alikisikia chote. Cha pili kilimkuta bombani. Mwaka hadi mwaka, darasa hadi darasa, aliusikia mwanzo ule ule, mpaka akaujua mwanzo wa kemia kama Alhamdu. Miisho hakuijua, na kibaya zaidi, hakujua kama ipo.

Rukaya aliigusa ila hiyo jioni moja ya mwezi uliopita, bila kujua alichokigusa. Walikuwa jikoni kwao Kibaha, ungo katikati. Maharage ndiyo yaliyokuwa protoni, kunde nyutroni, punje za mtama elektroni, na walishaziunda hidrojeni, heliamu, kaboni na jamaa zao wote bila taabu.

"Mama," alisema Rukaya, "uzito wa klorini ni thelathini na tano na nusu. Nikitoa kumi na saba nabaki na kumi na nane na nusu. Hii kunde nusu naiweka wapi?"

Bi Hajra aliitazama kunde. Katika miaka thelathini na moja hakuwahi kumsikia Mwalimu Lusajo akikata nyutroni. Hapo ndipo mtu mwingine angesema sijui. Mficha uchi hazai, wahenga walishasema, lakini Bi Hajra alikuwa ameshazaa, na aliyemzaa ndiye aliyekuwa mbele yake, anamwangalia kama mgonjwa anavyomwangalia daktari. Neno lenyewe ni dogo, halina hata silabi nne. Lilimshinda.

"Nusu haikai kwenye kiini," alisema. "Nusu inapandishwa. Hata mizani ya maabara, sindano ikisimama kwenye nusu, tulikuwa tunapandisha. Weka kumi na tisa." Na alipokuwa anasema inapandishwa, alikunja kidole kwenye pingili, kisha akakiinua kiganja chote juu.

"Una uhakika? Ngoja niangalie kwenye simu."

"Simu ndiyo iliyokuzaa?"

"Siyo hivyo, Mama. Au nimuulize yule mwalimu wa tuisheni wa Kwa Mathias, Fadhila wa pale zahanati anasoma kwake."

"Muulize. Halafu muulize na lini aliosha bika la maabara."

Simu ikarudi mfukoni. Rukaya aliandika kumi na tisa, akapiga mstari chini yake kwa rula. Hakuuliza tena, si siku ile wala baadaye, na Bi Hajra alilala usingizi mzuri.

Sasa geti limefungwa, na wasindikizaji wametawanyika nje ya uzio wa waya. Baadhi yao walikaa juu ya msingi wa ukuta ambao chuo kilianza kuujenga kikaishia tofali la tatu. Bi Hajra alichagua pahali panapoonyesha uwanja wa ndani, akatandika khanga, akakaa. Baada ya muda mwanamume mmoja aliyevaa shati la mikono mirefu alisogea karibu, kwapani ana bahasha ya kaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae, huu msingi si wangu."

"Asante. Umemleta nani?"

"Binti yangu. Na wewe?"

"Mdogo wangu, anaitwa Efrazia. Mimi ni Evodius. Nafundisha kemia na fizikia kwenye shule moja ya kata huku Kisarawe. Kwetu ni Bukoba, ila mwaka wa tisa sasa niko hapa."

Aliposikia kemia, Bi Hajra alimsogezea nusu ya khanga. "Kumbe ni ndugu. Mimi nimekaa maabara miaka thelathini na moja."

"Basi wewe ni mkubwa wangu kazini," alisema Evodius, na alimaanisha.

Wakazungumza. Bi Hajra alimweleza jinsi alivyokuwa akizitambua chupa zilizobanduka karatasi kwa kupeperusha harufu kwa kiganja, pua ikiwa mbali. Evodius alimweleza kwamba shuleni kwake maabara ni kabati moja, na moto wa majaribio ni jiko la mkaa. Walicheka. Tangu astaafu, Bi Hajra hakuwa amepata mtu wa kuzungumza naye mambo hayo. Majirani zake wakisikia asidi wanafikiria betri za magari. Alijiona kijana. Alimtajia Evodius elementi ishirini za mwanzo kwa mpangilio, na Evodius akamwambia wapo wanafunzi wake wa kidato cha tatu ambao wangeona aibu.

"Mwaka jana kilichowamaliza watu humu ni klorini," alisema Evodius, akiipigapiga bahasha yake. "Swali la lazima, alama kumi na mbili. Na watunzi wa mtihani huu hawana haya, wanapenda kurudia. Wengi waliandika nyutroni kumi na nane na nusu."

Bi Hajra alicheka hadi akashika goti. "Nyutroni nusu. Wangu hawezi kuandika upuuzi huo. Nilishamwambia nusu inapandishwa, zinakuwa kumi na tisa."

Evodius naye alicheka. Aliona ni mzaha wa watu wa kazi moja, na mzaha mzuri. Aliendelea kucheka peke yake kidogo, kisha akageuka akamkuta Bi Hajra anamsubiri amalize.

"Mama," alisema taratibu, "umemwambia hivyo kweli?"

"Kwani ni ngapi?"

Mwalimu alichomoa kalamu mfukoni. Alitoa karatasi kwenye bahasha, akaigeuza upande usioandikwa, akaiweka juu ya msingi baina yao. Alieleza kwa sauti ya chini, bila ukali hata kidogo, na upole huo ndio uliomtisha Bi Hajra.

"Klorini si ya aina moja, mama. Ziko mbili. Zote zina protoni kumi na saba, ndiyo maana zote ni klorini. Lakini moja ina nyutroni kumi na nane, uzito wake thelathini na tano. Nyingine ina nyutroni ishirini, uzito wake thelathini na saba. Ndizo zinaitwa isotopu. Ukichota klorini yoyote, kwenye kila atomu nne, tatu ni zile za thelathini na tano na moja ni ya thelathini na saba. Hiyo thelathini na tano na nusu ni wastani tu. Watu wa sensa wakikuambia kila kaya ina watu wanne na nusu, hutoki kwenda kumtafuta huyo mtu nusu."

Bi Hajra alichukua kalamu mkononi mwa mwalimu bila kuomba. Thelathini na tano mara tatu, mia moja na tano. Ongeza thelathini na saba, mia moja arobaini na mbili. Gawa kwa nne. Ilitoka thelathini na tano na nusu, safi, bila kubakiza kitu wala kupandisha kitu. Kwa muda mfupi sana alifurahi, furaha ya kweli, kama mtu aliyekaa miaka yote kwenye nyumba na leo kaonyeshwa kwamba ina chumba kingine. Mwalimu Lusajo lazima alikuwa akiyasema haya kila mwaka, saa nne na robo, kwa sauti ile ile, naye yuko bombani na ndoo yake ya tatu. Kisha furaha ikamtoka, akabaki na Rukaya.

"Watatoka kabla ya kemia?" aliuliza.

"Kuna mapumziko ya nusu saa, saa nne na nusu. Sasa hivi wako kwenye hesabu na Kiingereza. Lakini hawatoki nje ya uzio."

"Nitamwita kwenye waya."

"Mama, usithubutu. Atakayezungumza na mtu wa nje anafutwa. Walisoma tangazo asubuhi, hukulisikia?"

Hakulisikia. Wakati wanasoma tangazo yeye alikuwa kwenye kalsiamu.

Aliinuka akaenda kwa mlinzi. Njiani alijipanga atakavyosema, lakini alipofika kila alichokipanga kilionekana ni cha mtu anayetaka kumwibia mtihani binti yake.

"Mwanangu, nina neno moja tu nataka limfikie binti yangu."

"Neno gani, mama?"

"La nyumbani."

"Msiba?" aliuliza mlinzi, na sura yake ikalegea. "Kama ni msiba naenda kumwambia msimamizi."

Bi Hajra alimpitia kichwani kila jamaa yake, mmoja mmoja, akitafuta wa kumuua kwa nusu saa. Alifika kwa Mwanaamina, aliyewapikia mihogo ya nazi jana na kuwatandikia kitanda chake mwenyewe. Ulimi ulikataa. Hata ungekubali, neno lenyewe angelipitisha kwa nani, na likishapita kwa msimamizi lingekuwa neno gani?

"Siyo msiba."

"Basi litasubiri, mama yangu."

Saa nne na nusu kengele ililia na watahiniwa wakamwagika uwanjani. Mwanamke mmoja wa kilemba cha kijani alisogea kwenye waya kupokea chapati kwa shangazi yake. Alisema asante, neno hilo moja. Msimamizi, mama mnene mwenye miwani shingoni, alimwita, akauliza namba yake, akaitafuta kwenye orodha na kuikata kwa kalamu nyekundu. Hakupaza sauti. Yule mwanamke alitolewa getini na chapati yake mkononi, haijaumwa, akiuliza amefanya nini. Wasindikizaji wote walirudi nyuma hatua mbili kutoka kwenye waya. Bi Hajra alirudi nao.

Hapo ndipo alipomwona Rukaya, kama hatua arobaini mbele yake. Rukaya naye alimwona, akamwinulia dole gumba. Bi Hajra aliinua lake; mkono uliinuka wenyewe, kwa mazoea. Alitamani kutikisa kichwa, lakini kutikisa kichwa kungesema nini kwa umbali ule? Mtoto angejua kuna kosa asijue liko wapi, angeingia ndani akafuta hata yaliyo sahihi.

Rukaya aliokota kijiti, akachuchumaa, akachora duara kwenye vumbi. Dada aliyekuwa pembeni yake aliinama kutazama. Wakaja wawili, wakaja wanne. Akachora ganda la pili, akachora la tatu, na midomo yake ilikuwa ikienda bila kusita. Watu kumi sasa walikuwa wamemzunguka, wengine wakinakili kwa vidole viganjani mwao. Bi Hajra hakuhitaji kusikia. Aliona binti yake akiinua kidole kimoja, akikikunja kwenye pingili, kisha akiinua kiganja chote juu. Ulikuwa mkono wake mwenyewe, tangu kiwiko.

"Yule wa sweta ya bluu ndiye wangu," alisema Evodius, ambaye alikuwa amesimama sasa.

"Isotopu anazijua?"

"Anazijua. Nimekaa naye wiki tatu kwenye isotopu tu. Tatizo la Efrazia ni mashaka. Akikutana na mtu mwenye uhakika anaacha lake, hata kama lake ndilo."

Efrazia alisema kitu. Walimwona akisema, akionyesha vidole viwili. Rukaya alimsikiliza kwa heshima, akatikisa kichwa, akamshika bega kama anavyowashika wale wanawake wa zahanati, na akarudia kukunja kidole. Efrazia alifikiri kidogo. Kisha alipokea kijiti, akachuchumaa, akachora mwenyewe.

Evodius alikohoa kwa nguvu. Akakohoa tena. Msimamizi aligeuza miwani yake upande wao, na mwalimu akakaa chini.

"Nisamehe, mwanangu," alisema Bi Hajra.

"Usiseme hivyo, mama," alijibu Evodius. Lakini hakusema kwamba si kitu, na Bi Hajra alilisubiri neno hilo hadi kengele ilipolia.

Wakaingia. Uwanjani zilibaki duara tatu, na ndani yake zimepangwa kokoto kumi na saba na kumi na tisa.

Watu husema majuto ni mjukuu. Ya Bi Hajra yalimfikia kabla hata hajapata mkwe. Kwa saa mbili na nusu alikaa kwenye msingi ule, akijua kwamba humo ndani, kwenye moja ya madirisha yale, binti yake anaandika kosa la mama yake kwa mwandiko mzuri ambao mama mwenyewe hajawahi kuwa nao. Alijaribu kuomba dua. Dua ya kwanza iliyomjia ni swali lisitoke, na alipoitamka aliona haya, maana mwezi mzima alikuwa akiomba litoke. Ukungu uliondoka. Jua likaja likawakalia utosini. Evodius alikwenda akarudi na vikombe viwili vya chai ya rangi, na Bi Hajra akakishika chake mpaka kikapoa. Yule mwalimu angeweza kuondoka akakae mbali naye, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakuondoka.

"Mwalimu," alisema Bi Hajra. "Ganda la tatu linabeba nane?"

"Mpaka kalsiamu, ndiyo. Nane."

"Kwa hiyo kalsiamu siyo mwisho."

"Hapana, mama. Baada ya kalsiamu yapo mengine," alianza Evodius.

"Usiniambie."

Evodius aliikunja ile karatasi yenye mia moja arobaini na mbili, akairudisha ndani ya bahasha.

Saa saba na nusu geti lilifunguliwa na watu wakatoka, wengine macho chini, wengine wakibishana majibu. Efrazia na Rukaya walitoka wameshikana mikono. Walikuwa wamefahamiana saa chache tu, lakini kucheka kwao kulikuwa kwa watu waliosoma dawati moja.

"Imetoka, kaka," alisema Efrazia hata kabla hajaulizwa. "Klorini. Ya kwanza kabisa kwenye yale ya lazima." Kisha akamgeukia Bi Hajra, akakunja goti kama kwao wanavyowaamkia wakubwa. "Shikamoo, mama. Wewe ndiye Mama Maabara? Binti yako ameniokoa. Mimi nilikuwa nimeshikilia isotopu zangu, na mashaka yangu kaka anayajua, lakini huyu dada alinielewesha mara moja. Nimeandika kama alivyosema."

"Marahaba," alisema Bi Hajra.

"Wengine wameacha wazi, Mama," alisema Rukaya. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa jasho na furaha. "Walitaka tueleze kwa nini ni thelathini na tano na nusu. Nikaeleza mizani, nikaeleza nusu isivyoweza kukaa kwenye kiini, nikachora na maganda. Ukurasa haukunitosha. Nimeomba karatasi ya nyongeza. Mimi, Mama, kwenye kemia, nimeomba karatasi ya nyongeza."

Alikwenda na Efrazia kuchukua simu zao kwa mlinzi. Evodius alisubiri wafike mbali.

"Matokeo ni baada ya wiki tatu," alisema. "Utamwambia wewe?"

"Nitamwambia."

"Leo?"

Bi Hajra aliikung'uta khanga yake, akaikunja mara mbili, akaikunja mara ya tatu, na wasichana wakawa wamesharudi.

"Mama, mbona uko hivyo?" Rukaya alimshika mkono. "Au umechoka?"

"Jua tu."

"Ngoja, kabla hatujaondoka. Tazama kule." Rukaya alinyoosha kidole kupitia waya. Msimamizi alikuwa ametoka ukumbini amekumbatia furushi la karatasi lililofungwa kwa kamba ya katani, akivuka uwanja kuelekea ofisini. "Unaiona hiyo moja imechomoza pembeni? Ile ni yangu. Ile ya nyongeza waliibana kwa pini mwishoni, haikukaa sawa na nyingine."

Efrazia alisema anaiona. Evodius alisema naye anaiona. Yule mama alipanda ngazi za ofisi moja moja, akitafuta kila ngazi kwa mguu kwa sababu furushi lilimziba macho. Alipofika ya mwisho alisimama, akaliegemeza furushi kwenye goti, na kwa kidole kimoja akairudisha ndani ile karatasi iliyochomoza, polepole, isije ikachanika. Kisha akaingia nalo ndani na kusukuma mlango kwa kisigino. Rukaya alikuwa bado amemshika mama yake mkono.